Baba Mdogo, Ndola na mwaka 2019

Kwa Baba Mdogo, mpira wa Tanzania ulikuwa na mwaka mmoja tu. Mwaka huo ni 1979, na mahali ni Ndola, Zambia. Yeye alikuwa kijana wa Tandika, amebanwa na wenzake kwenye kibaraza cha duka la Mpemba mmoja aliyekuwa na redio, pale Peter Tino aliposawazisha na Taifa Stars ikafuzu fainali za Mataifa ya Afrika za 1980, Lagos. Hadithi hii nimeisikia msibani, nimeisikia harusini, na siku moja nimeisikia kwenye foleni ya kupima presha. Na kila ilipohadithiwa, Tino alirudi nyuma kidogo. Nilipokuwa darasa la tatu, alipiga akiwa ndani ya kumi na nane. Nilipomaliza kidato cha nne alikuwa ameshafika mita thelathini. Siku ya harusi yangu alikuwa anapigia karibu na duara la kati.

Yaliyotokea Lagos kwenyewe hakuyasimulia sana. Nigeria walitufunga 3-1, Misri 2-1, tukatoka sare ya 1-1 na Ivory Coast, tukarudi na pointi moja. Mabao mawili kati ya matatu alifunga Thuwein Ally. Baba Mdogo alikuwa na pointi ile moja kama mtu mwenye hati ya kiwanja Kariakoo. Mimi na wenzangu tuliozaliwa baadaye hatukuwa na kitu. Sisi tulirithi kauli ya Mzee Mwinyi, ya kichwa cha mwendawazimu ambacho kila anayetaka kujifunza kunyoa anajifunzia hapo. Tulinyolewa sana. Nilikuwa nikiingia uwanjani na hamu ya Baba Mdogo, nikitoka na matokeo yangu.

Ndiyo maana nikiulizwa mwaka gani wa Stars ninaukumbuka, nasema 2019. Si kwa sababu tulifanya vizuri. Tukipiga hesabu ya mwaka mzima, haikuwa hata wastani wa kujivunia. Nasema hivyo kwa sababu mwaka ule nilipata vya kwangu, vizuri na vya aibu.

Jumapili ya Machi 24, Uganda walikuja Uwanja wa Taifa, huu tunaouita wa Mkapa siku hizi, kwa mechi ya mwisho ya kundi ya kufuzu AFCON, yaani fainali za Mataifa ya Afrika, za mwaka ule kule Misri. Nilimbembeleza Baba Mdogo twende wote. Kutoka kwake Tandika hadi uwanjani ni mwendo wa miguu tu. Akakataa. Magoti, akasema. Nilipomsisitiza akasema ukweli: amechoka kwenda kutazama watu wakinyolewa. Akabaki na redio yake. Nikaenda peke yangu, nikakata tiketi ya mzunguko.

Mbele yangu alikaa jamaa mmoja mnene, shati la mikono mirefu, anaonekana fundi cherehani kwa vipande vya uzi vilivyomng'ang'ania kwenye suruali. Alinunua karanga, akazimimina zote kiganjani, akaifungua ile karatasi ya gazeti, akailaza pajani na kuandika kwa kalamu ya Bic:

Uganda 13. Sisi 5. Lesotho 5. Cape Verde 4.

"Sikilizeni," akatuambia, na watu wa safu tatu wakainama kama wanafunzi. Uganda ameshafuzu, huyo muacheni. Nafasi iliyobaki ni moja. Sare haitufai. Tukishinda tunafika 8, lakini Lesotho naye akishinda kule Praia, nyumbani kwa Cape Verde, anafika 8, na Lesotho ana ubabe juu yetu, maana tulitoka naye 1-1 Chamazi na kule kwao Maseru akatufunga 1-0. Kwa hiyo tushinde sisi, na Lesotho asishinde. Akapiga mstari chini. Mama mmoja aliyekuwa na vuvuzela akauliza, "Na tukishinda kumi?" Fundi akamtazama kwa huruma. "Hata kumi, mama. Lesotho akishinda, tunabaki."

Mwaka ule neno kikokotoo lilikuwa bado la moto. Wastaafu walikuwa wametoka tu kugombana na kikokotoo cha mafao mpaka Rais akakisitisha Desemba. Kijana mmoja nyuma yetu akasema kumbe na Stars wana kikokotoo chao. Tulicheka kicheko cha watu waliobanwa.

Ujue pia kwamba Uganda walikuwa wamecheza mechi tano za kundi bila kuruhusu hata bao moja. Hata moja. Sasa sisi ambao Oktoba tulikuwa tumekula tatu bila pale Praia ndiyo tukawafunge? Dakika ya 21 Simon Msuva akafunga. Sitaki kukudanganya kwamba niliona vizuri. Niliona migongo ya watu, halafu nikaona karanga za fundi ziko hewani.

Kipindi cha pili tukapata penalti. Akaenda Erasto Nyoni, na hapo ndipo penye utamu kwa anayefuatilia. Miezi kadhaa kabla, Emmanuel Amunike alipoanza tu kazi, aliwaondoa kikosini wachezaji kadhaa wa Simba kwa kuchelewa kuripoti kambini, Nyoni akiwemo. Mji uliwaka. Watu walimtukana kocha aliyefunga mabao yote mawili ya fainali ya Afrika ya 1994 kana kwamba alikuwa mpiga debe wa Mbagala. Sasa Nyoni yule yule ndiye aliyeweka mpira kwenye nukta. Dakika ya 51, mbili bila. Dakika ya 57 Aggrey Morris akaongeza la tatu, na kazi yetu kama Tanzania ikawa imekwisha.

Iliyobaki ilikuwa ya Praia. Mtandao ulikuwa umegoma, uwanja mzima unashika simu moja moja angani kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi. Aliyefanikiwa alipiga kelele, na kelele ikashuka ngazi kwa ngazi: "Praia wangapi?" "Bila bila!" Dakika tano baadaye tena: "Praia?" "Bado bila bila!" Sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaipenda bila bila ya watu wengine namna ile. Mpira wa mbele yetu hakuna aliyekuwa anautazama tena. Wapo waliosema baadaye kwamba Waganda walilegeza kwa kuwa walishafuzu. Sawa. Na waseme. Walegevu hao hao walikuwa wamewagomea wote wengine.

Praia iliisha 0-0. Sisi 8, Lesotho 6. Miaka 39.

Niliporudi Tandika nilimkuta Baba Mdogo kakaa nje kwenye mkeka, redio bado inaongea, hana la kusema. Akaniuliza kitu kimoja tu: "La tatu alifunga nani?" Redio ilikuwa imekwaruza pale pale. Nikamwambia, Morris. "Beki?" Beki. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari.

Kesho yake wachezaji waliitwa Ikulu, Rais Magufuli akawaahidi viwanja Dodoma, na mzee Peter Tino naye akakumbukwa siku hiyo. Baba Mdogo alifurahi kuliko waliopewa.

Ya Misri nitayapitia kwa haraka kwa sababu yenyewe yalikwenda haraka. Juni 23, Senegal. Sadio Mané alikuwa anatumikia adhabu ya kadi, tukajipa moyo, kumbe Senegal bila Mané ni kama daladala bila konda: nauli utatoa tu. Walitufunga 2-0 na kipa wetu Aishi Manula alituokoa tusipate kubwa zaidi. Julai 1, Algeria ya kocha Belmadi ilipumzisha karibu kikosi kizima cha kwanza, na hao wa akiba wakatupiga 3-0 kabla ya mapumziko. Nililala kipindi cha pili, na sioni haya kusema. Timu hizo mbili ndizo zilizokuja kucheza fainali, Algeria akachukua kombe. Katika kundi letu kulikuwa na bingwa na wa pili wake. Tungeweza kujitetea kwa hilo, kama si ile mechi ya katikati.

Mechi ya katikati ilikuwa Kenya.

Alhamisi, Juni 27, saa tano usiku kwa saa zetu. Banda umiza la Tandika lilijaa mpaka watu wakakaa juu ya kreti za soda, mwenye banda kapandisha kiingilio na hakuna aliyelalamika. Nilikuwa na simu mkononi kwa sababu dada yangu ameolewa Voi, na shemeji yangu ni Mkenya wa kweli kweli, wa kuvaa jezi ya Harambee Stars mpaka shambani. Tulikuwa tumekubaliana kutumiana ujumbe kila bao.

Dakika ya 6, Msuva. Nikaandika: "Shemeji, karibu Kairo." Hakujibu. Dakika ya 39, Michael Olunga akasawazisha. Simu ikatetemeka mfukoni, sikuitoa. Na kabla sijaitoa, dakika moja tu, Mbwana Samatta akaturudisha mbele. Banda lilipasuka. Mtu alinikumbatia kwa nyuma mpaka leo simjui ni nani. Samatta wa mwaka ule alikuwa ametoka kuipa Genk ubingwa wa Ubelgiji, na nahodha wa nchi yako akiwa katika hali hiyo, unaamini kwamba mambo yanawezekana. Mapumziko 2-1. Nilinunua chai na kumnunulia jirani yangu ambaye wala simfahamu.

Kipindi cha pili tulifanya kile ambacho Stars hufanya ikiongoza: tulianza kuomba mpira uishe. Kila mpira tuliupiga mbele kama mtu anayefukuza kuku uani, na kuku akarudi kila mara. Dakika ya 62, Johanna Omolo akasawazisha. Dakika ya 80, Olunga tena. 3-2. Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia feni. Nilisikia mwenye banda akihesabu chenji.

Saa saba usiku shemeji akatuma: "Poleni majirani. Lakini mmecheza poa." Hilo neno lakini ndilo lililoniuma. Angenitukana ningelala.

Wakenya nao hawakuvuka. Senegal waliwapiga tatu, wote tukapanda ndege. Lakini walikuwa na pointi tatu, sisi sufuri. Baba Mdogo alikuwa na pointi moja ya Lagos, na kesho yake asubuhi alinikumbusha hilo kwa sauti ya upole sana.

Julai 8 Amunike akaondolewa. Sikumpenda wala sikumchukia. Nakumbuka tu kwamba mwezi Machi watu wa mtaani kwetu walisema apewe uraia.

Basi wengi wanaishia hapo wakisimulia mwaka 2019: Machi furaha, Juni aibu, kwisha. Hapo ndipo ninapogombana nao. Kwangu nusu ya pili ya mwaka ndiyo iliyokuwa na mpira wa watu wazima, na wachache waliuona kwa sababu tulikuwa tumenuna.

Alikuja Etienne Ndayiragije, Mrundi, kwanza kama kocha wa muda. Siku ishirini hivi baada ya Amunike kuondoka, tulikutana tena na Kenya, safari hii kufuzu CHAN, ile michuano ya wanaocheza ligi za nyumbani pekee. Dar 0-0. Kasarani, Nairobi, Agosti 4, 0-0 tena. Tukaenda kwenye matuta, yaani penalti za kuamua mshindi. Na langoni alikuwa nani? Juma Kaseja, miaka 34, kipa wa KMC, ambaye kwa miaka kadhaa hakuwa na habari na kambi ya Stars. Wapo waliodhani ameshastaafu. Tukashinda matuta 4-1, Kasarani, mbele ya Wakenya. Nilimwandikia shemeji, "Poleni majirani. Lakini mmecheza poa." Akajibu na kidole gumba. Ni muungwana, shemeji yangu.

Mwezi mmoja baadaye, kufuzu Kombe la Dunia, hatua ya awali: Burundi. Warundi nao walikuwa wametoka Misri kwa mara yao ya kwanza, na benchi letu limeshikwa na mwenzao. Bujumbura 1-1, Msuva akatuokoa mwishoni. Dar, Septemba 8, Samatta akafunga, Fiston Abdul Razak akasawazisha, 1-1 tena, dakika za nyongeza hazikuleta kitu, matuta tena. Kaseja tena. Warundi hawakupata hata moja. Tatu bila. Ukijumlisha matuta ya Kasarani na haya ya Dar, mzee yule aliruhusu penalti moja tu kuingia wavuni. Moja! Namna yake ya kusimama ilikuwa ya mtu anayesubiri basi: mikono imelegea, macho kwa mpigaji, hana haraka. Nilisema mtaani kwamba ninyi vijana mnaruka mapema kwa sababu hamjawahi kudaiwa kodi ya nyumba.

Halafu ikaja Sudan, hatua ya mwisho ya kufuzu CHAN. Tulifungwa 1-0 hapa hapa nyumbani, Septemba 22. Nilitoka uwanjani dakika ya 88 na nikaapa. Kiapo chenyewe kilidumu chini ya mwezi. Oktoba 18, Omdurman, walitangulia kutufunga. Kwa watu tunaowajua, hapo kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Nyoni akasawazisha, na Ditram Nchimbi akafunga la pili. Nchimbi huyu wiki mbili tu kabla alikuwa ameifunga Yanga mabao matatu peke yake akiwa na Polisi Tanzania, mechi ikaisha 3-3, na nusu ya mtaa wetu ilikuwa haijamsamehe. Walimsamehe ghafla usiku ule. Jumla 2-2, bao la ugenini likatubeba, tukarudi CHAN kwa mara ya kwanza tangu ile ya kwanza kabisa ya 2009 kule Ivory Coast. Kushinda Omdurman baada ya kufungwa nyumbani: tafuta vizuri kwenye historia yetu uniambie umeona mara ngapi. Hakuna aliyepewa kiwanja.

Novemba ikaanza safari ya AFCON nyingine. Equatorial Guinea walitangulia Dar, Msuva akasawazisha, na Sure Boy akamaliza kazi katika dakika za majeruhi, 2-1. Siku nne baadaye Libya, waliokuwa wanachezea Monastir, Tunisia, kwa sababu kwao hakukalika, wakatufunga 2-1 baada ya Samatta kutangulia kwa penalti. Unaona mtindo? Tukitangulia tunafungwa, tukitanguliwa tunashinda. Sijui daktari gani anatibu hilo.

Desemba kulikuwa na CECAFA, michuano ya Afrika Mashariki na Kati, kule Uganda, lakini hiyo haiingii kwenye hesabu zangu, kwa kuwa pale hatuendi kama nchi moja. Bara wanakwenda kama Kilimanjaro Stars na Zanzibar wanakwenda kivyao, na watu wanaoshangiliana Machi wanakabana Desemba. Jirani yangu mzaliwa wa Mkoani, Pemba, ndiye aliyelia kuliko wote siku ya Uganda. Katika CECAFA hataki hata salamu yangu.

Miezi kadhaa iliyopita mtoto wa dada, yule wa Voi, alikuja likizo. Ana miaka kumi na mmoja na damu ya pande mbili, kwa hiyo anauliza maswali ya uchokozi. Tulikuwa tumekaa kwa Baba Mdogo jioni, chai na sambusa. Akauliza: "Babu, eti ni kweli Tanzania mliwahi kuifunga Uganda tatu?"

Nilijiandaa kusikiliza Ndola. Baba Mdogo akashusha kikombe.

"Siku hiyo," akasema, "mzunguko ulijaa. Mbele yetu kakaa fundi cherehani mmoja, mnene. Kaandika hesabu zote kwenye karatasi ya karanga. Kalamu ikamwishia wino, nikampa yangu."

Nikamtazama. Hakunitazama.

"Msuva alipiga kutoka wapi, babu?"

"Aah, mbali. Mbali sana yule kijana." Akanyoosha mkono kuelekea barabarani, ambako bajaji zilikuwa zinageuza. "Muulize mjomba wako. Si tulikaa wote?"

Mtoto akanigeukia.

"Tulikaa wote," nikasema, nikamsogezea mzee sahani ya sambusa.